Jirani kafunga mbwa mnyororo kasafiri, wiki ya tatu sasa. Sheria inasemaje?

#1 Mtoto wa Goba

Wakuu, habari za usiku. Naomba wenye kujua sheria na wenye kujua mifugo mnisaidie, maana mimi usingizi umekata.

Nimepanga huku Goba, Dar es Salaam. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ana nyumba nzuri tu, geti la umeme, taa za sola mpaka kwenye mboga. Nyuma ya nyumba ana mbwa mmoja mkubwa wa kahawia, kafungwa kwenye mlimao. Tangu nihamie mwezi wa nne sijawahi kumwona amefunguliwa hata siku moja. Mwanzoni alikuwa anabweka usiku kucha mpaka nikawa namlaani. Sasa habweki tena, na hicho ndicho kilichonifanya nipande kwenye mnara wa tenki la maji nichungulie.

Mnyororo umejizungusha kwenye shina la mti mpaka umebaki kama hatua moja. Sufuria ya maji iko pembeni, imepinduka, hawezi kuifikia. Mbavu zote zinahesabika na kiunoni kuna mahali manyoya yameisha kabisa. Aliniangalia tu, hata mkia hakutingisha.

Mwenye nyumba na familia yake wamesafiri, wiki ya tatu hii. Kulikuwa na kijana wa kazi aliyekuwa anamtupia ugali, lakini naye ni siku ya tisa sijamtia machoni. Namba ya jirani ninayo, napiga haipokelewi. Nimekwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akacheka akaniuliza kama mbwa mwenyewe ndiye kanituma nikamchukulie RB ya polisi.

Maswali yangu ni mawili. Kumuacha mbwa namna hii ni kosa au ni tabia mbaya tu? Na nikiruka ukuta nikamfungua, nani atakuwa mhalifu, mimi au yeye?

#2 Jiwe Kubwa

Mkuu una matatizo yako. Nchi hii kuna watoto wanasoma wamekaa chini, wewe unakesha juu ya tenki unahesabu mbavu za mbwa. Huu uzungu utatumaliza.

#3 Mpiga Pasi

Ruka. Usiku. Funga uzi.

#4 Wakili Bila Joho

#3 usimpoteze mwenzio. Akiruka ule ukuta kaingia kwenye makazi ya mtu kwa jinai, na akiondoka na mbwa hiyo ni kesi ya wizi, safi kabisa, ya kushikika. Jirani atarudi, atakwenda kituoni na risiti ya mbwa, na mwenzetu atalala ndani. Huruma haijawahi kuwa kibali cha kuingia uani kwa mtu.

Sasa nijibu swali la kwanza. Ndiyo, ni kosa. Tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Namba 19 ya mwaka 2008. Watu wengi hawajawahi kuisikia, na nikisema wengi naweka na askari na wenyeviti wa mitaa humo humo. Sheria hiyo inaanza kwa kutamka kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia, halafu inabeba zile ambazo madaktari wa mifugo wanaziita uhuru tano: asikae na njaa wala kiu, asiishi kwenye mazingira ya mateso, asiachwe na maumivu, majeraha au maradhi bila tiba, aweze kuishi kwa tabia yake ya asili, na asiwe mtu wa hofu na msongo siku zote. (Nimesema "mtu". Acheni hivyo hivyo.)

Uzito wake mtauona mkiilinganisha na Kanuni ya Adhabu. Kule kuna kosa la kumuua au kumjeruhi mnyama, lakini soma vizuri: anayelindwa pale ni mwenye mali. Ukimkata panga ng'ombe wa jirani umemharibia jirani. Na mwenye ng'ombe akimtesa ng'ombe wake mwenyewe? Kwa mantiki ile kaharibu kilicho chake, kama mtu aliyevunja kiti chake. Sheria ya 2008 inamwambia mwenye mali: hata kama ni wako, kuna mambo huruhusiwi kumfanyia, na kuna mambo ni lazima umfanyie. Kosa la jirani yako liko kwenye hilo la pili. Hakumpiga. Ameacha kufanya.

#5 Mtoto wa Goba

Asante wakili. Hapo kwenye "ameacha kufanya" ndipo mwenyekiti alipoishikilia. Kaniambia, "Sasa huyo mtu hayupo, kosa atalifanyaje akiwa hayupo?"

#6 Mnazi wa Mbagala

Mwambieni mwenyekiti akamuulize Kurt Zouma. Yule beki wa mpira aliyekuwa West Ham wakati ule, kabla yake Chelsea, mnamkumbuka. Februari 2022 ilisambaa video anampiga teke paka wake jikoni kwake mwenyewe, mdogo wake ndiye anarekodi. Klabu ikamkata pauni 250,000. Juni mwaka huohuo hakimu akampa saa 180 za kazi za jamii na marufuku ya kufuga paka miaka mitano. Wakati ule tulicheka sana kijiweni. Antonio, mchezaji mwenzake, naye alivyouliza kama hilo ni baya kuliko ubaguzi wa rangi tukasema kweli kabisa, Wazungu wanapenda paka kuliko sisi.

Lakini ukweli ni kwamba Antonio aliuliza swali zuri na bado paka alipigwa teke. Yote mawili.

#7 Mkalimani

Mnazi, umepatia. Nyongeza kidogo: aliyempeleka Zouma mahakamani ni RSPCA, chama cha hiari cha kutetea wanyama kilichoanzishwa mwaka 1824, kinachokusanya ushahidi na kuendesha mashtaka chenyewe huku Uingereza na Wales. Wakaguzi wake wanavaa sare watu wakadhani ni polisi, kumbe hawana mamlaka ya kuingia nyumbani kwa mtu. Mlango ukifungwa lazima waite polisi. Scotland ni tofauti, kule mashtaka yako kwa mwendesha mashtaka wa serikali.

Nafanya kazi ya ukalimani mahakamani huku, nimekaa kwenye kesi chache za namna hii. Za mateke ni chache. Nyingi ni kama hii ya Goba: mbwa kafungiwa, sungura kasahaulika kwenye kizimba, farasi kaachwa shambani kwenye matope. Sitasema habari za mtu yeyote, lakini naweza kueleza sheria inavyofikiri, maana ilinishangaza.

Sheria yao ya mwaka 2006 ina ngazi mbili. Ya juu ni kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima. Ya chini ni kushindwa kumtimizia mahitaji yake: mahali pa kukaa, chakula, nafasi ya kuishi kitabia zake, kukaa na wenzake au kutengwa nao ikibidi, na kukingwa na maumivu na maradhi. Kwenye ngazi hii ya chini hamna haja ya kusubiri mnyama akonde ndipo useme kuna kosa. Inatosha kwamba mahitaji hayatimizwi. Mkaguzi anaweza hata kuanza kwa barua ya kumtaka mfugaji arekebishe, akampa muda. Wengi wanarekebisha, na kesi haiendi popote.

Adhabu ya juu ya kutesa zamani ilikuwa miezi sita. Tangu Juni 2021 ni miaka mitano. Ya kutotimiza mahitaji imebaki miezi sita.

Na kuhusu "hayupo": sheria ile inasema mwenye mnyama siku zote anahesabiwa kuwa mwajibikaji. Unaweza kumkabidhi mtu akuangalizie, lakini mnyama anaendelea kuwa juu yako.

#8 Kamaa 254

Salamu kutoka Nairobi. Kwetu sheria ni ya zamani kuliko yenu, Sura ya 360, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama. Imeandikwa kila kitu: kupiga, kubebesha mzigo kupita kiasi, kunyima chakula na maji, kutelekeza. Mahakama inaweza hata kumnyang'anya mtu mnyama. Ukifika kwenye adhabu ndipo unacheka: faini isiyozidi shilingi elfu tatu, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Elfu tatu, wadau. Mtu wa Karen, mtaa wa matajiri, mwenye mbwa wanne analipa hiyo kwa kuwaosha tu.

Hiyo miezi sita nayo ipo kweli, lakini nani atapewa? Mwenye pesa atalipa elfu tatu aende zake. Mwenye mkokoteni wa punda asiye na elfu tatu ndiye ataingia ndani.

Tuna KSPCA, chama chetu cha kutetea wanyama, ipo tangu 1910. Hao ukiwapigia wanakuja, na wana daktari. Shida ni kwamba Kenya ni kubwa na wao si wengi.

#9 Bi Shamsa wa Mkunazini

Assalaam aleikum. Wanangu, mnatafuta sheria ya Waingereza na Nairobi na hadithi ya Bwana Mtume (S.A.W.) mnayo tangu chuoni. Yule mwanamke aliyeingia motoni kwa ajili ya paka hakumpiga. Alimfunga. Hakumlisha, hakumnywesha, wala hakumwachia akajitafutia mwenyewe wadudu wa ardhini. Hebu angalieni hilo la mwisho. Paka wa mtaani kwetu hapa Unguja hana mwenyewe, na hapana anayeshitakiwa kwa njaa yake, kwa sababu miguu yake anayo. Kosa linaanza pale unapotia kamba.

Na huyo anayesema uzungu, amuulize imamu wake, kama anamjua.

#10 Jiwe Kubwa

Bi Shamsa shikamoo. Sikumaanisha vibaya. Nasema tu kwamba mtaani kuna watu hawana cha kula wao wenyewe. Bibi yangu Kahama anafuga mbwa, mbwa anakula anachookota. Leo mtamfunga bibi yangu?

#11 Wakili Bila Joho

Hilo ni swali la maana, tofauti na ulivyoingia.

Bibi yako hajamfunga mbwa. Mbwa wake anazunguka, anaokota, analala kwenye majivu ya jikoni, akipata kupe bibi anamtoa. Maisha magumu, ya mbwa na ya bibi pia. Sheria za aina hii hazimpimi mtu kwa utajiri. Zinauliza kama alijua, au alipaswa kujua, na kama alifanya ambalo mtu mwenye akili timamu angelifanya katika hali yake. Bibi hana hela ya daktari. Jirani wa Goba ana geti la umeme. Ni hali mbili.

Bi Shamsa kanifundisha kitu leo. Miaka yote nafundisha vijana kwamba wajibu unatokana na umiliki. Yeye kaniambia unatokana na kamba, na naona ndivyo ilivyo. Ukishamwondolea kiumbe uwezo wa kujitafutia, umejitwika mdomo wake.

#12 Daktari wa Mbuzi

Nimechelewa, nilikuwa na ng'ombe anazaa Kibamba. Mtoto wa Goba, nisikilize kwa makini.

Kwanza usiingie, na siyo kwa sababu ya wizi peke yake. Hujui kama huyo mbwa amechanjwa. Mbwa aliyenyamaza ghafla, anakukodolea macho tu, anaweza kuwa na njaa na anaweza kuwa na kichaa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ukingatwa au ukikwaruzwa, osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze sindano. Usiende kwa mganga, usipake mafuta ya taa.

Pili, maji. Tafuta kijiti kirefu au kamba, umshushie ndoo kwa juu ya ukuta mahali anapofika. Chakula kidogo kidogo. Najua mkono utakuwasha umtupie sahani nzima ya wali na vichwa vya samaki. Usifanye hivyo. Mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukipakiwa chakula kingi ghafla, chumvi za damu zinavurugika na mnyama anaweza kufa akiwa ameshiba. Uji mwepesi na dagaa waliosagwa, kiasi cha kikombe, mara nne au tano kwa siku.

Tatu, ushahidi, na hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Picha kila siku, mahali hapohapo, saa ionekane. Piga sufuria iliyopinduka. Piga shingo: mkanda ukiwa umezama kwenye nyama, hiyo picha peke yake inasema miezi. Kucha zikiwa ndefu zimejikunja, ujue hajatembea. Sisi tunampima mbwa kwa alama 1 hadi 9 kwa kuangalia nyama juu ya mbavu, nyonga na uti wa mgongo. Moja ni mifupa mitupu, tano ndiyo kawaida.

Utetezi wa kwanza wa mwenye mbwa huwa ni uleule: "Anakula vizuri tu, ana minyoo, ana ugonjwa." Jibu lake liko kwenye mizani. Mnyama akichukuliwa, anapimwa uzito, analishwa chakula cha kawaida, anapimwa kila wiki. Akinenepa bila dawa yoyote ya ajabu, ugonjwa wake ulikuwa njaa.

Nne, achana na mwenyekiti. Nenda kwa afisa mifugo wa kata, ofisi iko kwa mtendaji wa kata. Nenda na picha. Omba aandike.

#13 Mtoto wa Goba

Dokta nimefanya. Ndoo nimeshusha kwa kamba ya kuanikia nguo. Amekunywa mpaka nikaogopa. Kesho asubuhi niko kata.

#14 Mpiga Pasi

Tunasubiri mrejesho. Kamaa 254 weka bia mbili hapa.

#15 Mtoto wa Goba

MREJESHO 1.

Afisa mifugo ni dada kijana, ana pikipiki ya serikali isiyo na mafuta. Nimeweka mafuta mimi, tukaja naye na mjumbe. Tukagonga geti, hakuna mtu. Akapanda kwenye tenki langu kwa viatu vya ofisi, akaangalia, akashuka akaandika ukurasa mzima. Alama aliyompa ni mbili.

Halafu mjumbe akampata yule kijana wa kazi. Kumbe yupo mtaa wa pili, anabeba zege. Kaja anatetemeka. Kasema hajalipwa mshahara miezi miwili, na hela ya chakula cha mbwa ilikuwa inatumwa kwenye simu, ikakoma bosi alipofika huko alikoenda. Alimlisha kwa hela yake siku kama kumi, ikaisha, akaenda kwenye zege. Ufunguo wa geti anao. Anasema alikuwa anapita usiku kumwekea maji mpaka siku majirani wa upande wa pili walipomwita mwizi.

Askari tuliyemkuta kituoni akasema sasa kesi imekuwa rahisi, mtuhumiwa amepatikana. Akamwangalia yule kijana.

#16 Wakili Bila Joho

Nilikuwa naliogopa hilo tangu #1 ila sikutaka kukutisha.

Simama hapo hapo. Hakikisha maelezo ya kijana yanachukuliwa kama ya shahidi. Kesi za kutelekeza mnyama zina ugonjwa mmoja huku kwetu: anayekamatwa ni yule aliyeshika kamba mara ya mwisho. Mchunga punda, dereva wa lori la ng'ombe, kijana wa bustani. Mwenye punda, mwenye lori, mwenye bustani anakuja mahakamani kama mlalamikaji. Hata hiyo sheria yenye uhuru tano ukiiweka mikononi mwa mtu mvivu itamla yule mwenye njaa pamoja na mbwa.

Chukua ujumbe wa simu wa kijana. Miamala ya fedha inaonyesha siku ya mwisho iliyotumwa. Hiyo ndiyo siku kosa la bosi lilipoanza, na limeandikwa na kampuni ya simu, halina ubishi.

#17 Mkalimani

Naunga mkono. Huku hilo la "mwenye mnyama siku zote ni mwajibikaji" liliwekwa kwa sababu kama hizo. Mtu hawezi kusema "nilimwachia mfanyakazi" akaishia hapo. Ataulizwa alimwachia na nini.

#18 Kamaa 254

Na nani alimlipa. Kwetu soja wa usiku ndiye angekuwa ameshapelekwa Kibera Law Courts.

#19 Jiwe Kubwa

Huyo kijana anahitaji kiasi gani? Niko serious. Nitumie namba inbox.

#20 Bi Shamsa wa Mkunazini

Allah akuzidishie, mwanangu Jiwe.

#21 Mtoto wa Goba

MREJESHO 2. Samahani kwa kukaa kimya, kazi zilibana.

Afisa mifugo aligoma kumwandika kijana kama mtuhumiwa. Alisimama pale kaunta akasema ripoti ni yake, na kwenye ripoti mfugaji ni mwenye nyumba. RB ikafunguliwa kwa jina la bosi. Jioni yake simu iliyokuwa haipokelewi wiki tatu ikapigwa yenyewe! Mke wake. Mwanzo ukali, kwamba namfuatilia mume wake, kwamba nina wivu wa nyumba. Nikamtumia picha nne bila maneno. Akakata. Akapiga tena baada ya nusu saa, sauti nyingine. Alisema yeye alijua mbwa yuko kwenye banda, banda walishalipia fundi. Banda halipo, wakuu. Kuna matofali tu.

Afisa mifugo kawapa barua: ndani ya siku saba banda lijengwe, mnyororo utoke, mbwa achanjwe, atibiwe ukurutu, na awepo mtu wa kumhudumia anayelipwa. Ikishindikana jalada linakwenda kwa waendesha mashtaka. Dokta wa Mbuzi alikuja mwenyewe kutoka Kibamba, mungu ambariki, mkanda aliukata kwa mkasi wa upasuaji.

Banda limejengwa kwa siku tano. Mbwa sasa anafunguliwa usiku. Jana nimemsikia anabweka, nikaamka nikakaa kitandani nacheka peke yangu. Uzito wake wa kwanza ulikuwa kilo 19, juzi kapimwa 22 na nusu.

Kesi haijaenda mahakamani na sidhani kama itaenda. RB ipo, inalala na RB nyingine.

#22 Daktari wa Mbuzi

Kilo tatu na nusu kwa ugali, dagaa na dawa ya kupaka tu. Mwambieni atakayesema ana minyoo.

#23 Mnazi wa Mbagala

Kwa hiyo jirani hana hata marufuku ya kufuga? Zouma kaonewa.

#24 Wakili Bila Joho

Mtoto wa Goba, kijana alilipwa ile miezi miwili?

#25 Mtoto wa Goba

Mmoja. Wa pili wanasema bosi akirudi.